Wawili juu ya silinda moja: pikipiki ya kwenda Dar na ya kwenda Songea haziandaliwi sawa

Ukiwa Mtwara mjini na pikipiki yako ya silinda moja, ukataka kumpakia mtu nyuma kwa safari ya zaidi ya kilomita 500, njia kuu za lami ni mbili, na zote mwanzoni ni moja. Zinaachana Mingoyo: mbele ni Lindi na pwani yote hadi Dar es Salaam, kushoto ni Mtama, Ndanda, Masasi, Tunduru na Songea. Wengi huandaa pikipiki kwanza, njia inakuja kujulikana baadaye kutegemea harusi au msiba uko wapi. Mimi nasema anza na njia. Spoketi, tairi, ufungaji wa mzigo, hata idadi ya tyubu za akiba vinategemea utakata upande gani pale Mingoyo.

| | Pwani: Mtwara–Dar | Kusini: Mtwara–Songea |
|---|---|---|
| Umbali | kama km 560 | kama km 655 |
| Miji ya kujaza mafuta | Lindi, Nangurukuru, Ikwiriri, Kibiti | Masasi, Mangaka, Tunduru, Namtumbo |
| Kipande cha upweke | Lindi–Nangurukuru | Tunduru–Namtumbo, km 193 |
| Ardhi | tambarare nyingi, mabonde ya mito | vilima, kisha mpando hadi Songea |
| Malori | saruji | makaa ya mawe |
| Kinachochosha | joto, upepo, foleni ya Mbagala | vilima, mafundi walio mbali, baridi ya Songea |

Pwani inasifiwa kwa wepesi, na sifa hiyo inastahili. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003, mita 970 juu ya Rufiji, habari za kusubiri pantoni pale Ndundu zimebaki kuwa hadithi za wazee. Lakini wepesi huo una msimu wake. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara eneo la Somanga, magari yakalala huku na huku. Kwa hiyo kipindi cha mvua piga simu kwanza, uliza wanaotoka upande wa pili. Halafu kuna upepo. Kusi ikivuma katikati ya mwaka, kwenda Dar inakusukuma mgongoni na utaisifu pikipiki. Kurudi inakupiga kifuani, na pikipiki ya cc 125 yenye watu wawili inakuomba ushushe gia mahali ilipopita juzi bila kunung'unika. Mafuta ya kurudi usiyapigie hesabu ya kwenda.

Njia ya Songea watu bado wanaidhania ya kimya. Haiko hivyo tena. Makaa ya mawe ya Ngaka, kule Mbinga, yanateremshwa kwa malori kupitia barabara hiyo hiyo hadi bandari ya Mtwara, na lori la aina hiyo likikupita kwa mwendo, upepo wake unakusogeza nusu mita. Mkiwa wawili na begi pana nyuma unakusogeza zaidi. Tena kati ya Tunduru na Namtumbo ni eneo la mapito ya tembo, wanaotoka Selous kwenda Niassa ya Msumbiji na kurudi. Huko jua likizama uwe umeshalala.

Kuna na njia ya tatu ya kufika Masasi, ya juu ya uwanda wa Makonde kupitia Nanyamba, Tandahimba na Newala. Hadi Mnivata, kilomita 50 za mwanzo, ni lami. Mbele ya hapo waulize bodaboda wa siku hiyo, maana mchanga wa uwandani na abiria haviendani: atashuka, atatembea, atapanda, atashuka tena. Ukiipenda kwa ajili ya kumwonyesha mwenzio Shimo la Mungu, lile bonde la ukingoni mwa uwanda pale Newala, sawa, ila ifanye safari yake peke yake.

Ya 100, 125 au 150?

Swali hili hujibiwa kwa ushabiki wa chapa, na hapo ndipo watu wanapopotea. Chukua kwanza kitabu cha pikipiki, tafuta uzito inaoruhusiwa kubeba. Hizi za kibiashara tunazotumia wote mara nyingi zimeandikiwa kati ya kilo 130 na 150, watu wakiwemo ndani. Dereva wa kilo 72 na abiria wa kilo 60 wameshafika 132. Maji, begi, zana na kidumu cha mafuta ndivyo vinavyokuvusha mpaka, wala si ubovu wa injini.

Ya 100 iache kwa safari za Mikindani na Msimbati. Ya 125 inafika Dar na watu wawili bila matatizo, mradi dereva akubali kwenda 60 na asione aibu kupitwa na kila mtu. Kwa Songea naipendelea ya 150, na sababu si spidi. Kwenye mpando mrefu ya 125 inalazimika kunguruma gia ya chini kwa dakika nyingi mfululizo, na injini inayopozwa kwa hewa hupoa vizuri pale tu pikipiki inapotembea. Mwendo mdogo, mzunguko mkubwa, jua la saa nane: hapo ndipo oili inapokwisha nguvu na ringi zinapoanza kulika.

Kuna wanaouliza kuhusu zile ndefu za porini, Honda XL au Yamaha DT, zilizozoeleka kwenye miradi na ofisi za serikali. Shokapu zake ni ndefu na zinameza mashimo kuliko Boxer au TVS yoyote. Lakini njia zote mbili tunazozilinganisha ni lami, siti yake ni nyembamba na iko juu, na abiria baada ya kilomita 100 atakuwa anahama kutoka tako moja kwenda jingine. Halafu spea. Kebo ya klachi ya Boxer utaipata hata kwenye duka linalouza sukari na misumari. Ya XL andaa nauli ya kuisubiri kwa basi. Kwa wawili kwenye lami nachukua ya kibiashara ya 150, bila kuwaza mara mbili.

Spoketi: jino moja mbele, matatu nyuma

Tuchukue mfano wa pikipiki yenye meno 14 mbele na 42 nyuma. Spoketi ya mbele inazunguka mara 3 ili tairi lizunguke mara moja. Ukiweka 44 nyuma inakuwa 3.14, yaani nguvu ya kupanda imeongezeka kwa karibu asilimia 5, na kwa spidi ile ile injini inazunguka zaidi kwa kiasi hicho hicho. Ukiacha nyuma ilivyo ukapunguza jino moja tu la mbele, 13 kwa 42, unapata 3.23, karibu asilimia 8. Ndiyo maana mafundi wanapenda kugusa ya mbele: ni rahisi, haihitaji cheni ndefu zaidi, na matokeo yanaonekana palepale.

Mimi kwa Songea nabadilisha ya nyuma. Spoketi ndogo ya mbele inaikunja cheni kwa ukali zaidi kila inapozunguka, na cheni yenye watu wawili juu yake tayari ina kazi ya kutosha. Kwa Dar usiguse kitu. Tambarare ya pwani haikudai nguvu hiyo, utaishia kuchoma petroli na kutetemeshwa mikono hadi vidole vife ganzi. Wanaoogopa kwamba spidomita itadanganya watulie: kwenye nyingi za hizi waya wake unatoka tairi la mbele, haujui habari za spoketi.

Shokapu na cheni, vyote mkiwa mmekaa

Hapa ndipo ningeweka pesa ya kwanza, kabla ya oili ya bei mbaya na kabla ya taa za kung'aa. Shokapu za nyuma za pikipiki nyingi zina pete yenye ngazi chini ya springi. Ikitoka dukani huwa iko ngazi za chini, kwa mtu mmoja. Fundi mmoja wa Lindi ana utaratibu nilioupenda. Mteja akimwambia anasafiri na mkewe, hamruhusu aje peke yake.

"Kaka, shemeji yuko wapi? Mlete apande kwanza, na begi lenu lije."

Anasimamisha pikipiki, anapima kwa futi kutoka ekseli ya nyuma hadi ukingo wa mudigadi, anaandika kwa chaki kwenye siti. Kisha wote wawili wanapanda, begi linafungwa, anapima tena. Tofauti ikiwa kubwa anazungusha pete kwa spana ya ndoano, pande zote mbili ngazi sawa, anapima upya. Akimaliza hapo ndipo anapogusa cheni, wao wakiwa bado juu. Ukiikaza pikipiki ikiwa tupu juu ya stendi, watu wawili wakikaa, mkono unaoshika tairi la nyuma unapanda na cheni inavutika. Ile nafasi ya sentimita mbili au tatu uliyoiacha inapotea yote, na kinachoumia ni beringi ya gia boksi, ambayo haibadilishwi barabarani. Anazungusha tairi polepole kutafuta sehemu cheni ilipokaza zaidi, maana cheni iliyotumika haichakai sawa, na anaseti kwa sehemu hiyo.

Kama pete imefika ngazi ya juu na bado mudigadi inakaribia kugusa tairi, shokapu zimechoka. Badilisha zote mbili. Kuchomekea mpira wa tyubu ndani ya springi kunasaidia kwenda sokoni tu.

Taa nayo: nyuma ikishuka, mbele inainuka, na taa inamulika vichwa vya minazi badala ya lami. Iseti jioni ukutani mkiwa mmepanda.

Tairi

Ubavuni mwa tairi kuna namba na herufi ambazo wauzaji wengi hawaziangalii, kwa mfano 41P au 50P. Ya 41 inaruhusiwa kubeba kilo 145, ya 50 kilo 190. Herufi P ni spidi, mwisho 150 kwa saa, na hilo halituhusu. Pikipiki ya kilo 120 ikibeba kilo 150 jumla ni 270, na mkiwa wawili karibu theluthi mbili ya uzito huo inakaa nyuma, yaani kama kilo 175. Tairi jembamba la 2.75 lenye 41 limeshazidiwa hata kabla ya shimo la kwanza. La 3.00 lenye 50 lina nafasi. Tofauti yake ya bei ni ndogo ukilinganisha na gharama ya kulala Kiranjeranje.

Kuhusu mchoro, tairi la meno makubwa linavutia macho lakini kwenye lami yenye joto linalika katikati haraka na linavuma masikioni siku nzima. La barabara lenye mifereji ya kutosha ndilo la njia zote mbili. Mkitaka kupitia Newala, hapo tuzungumze upya.

Spoki au spoti rimu, ile ya kipande kimoja isiyo na spoki? Spoti rimu iliyotengenezwa kwa tairi lisilo na tyubu ina faida moja kubwa: msumari ukiingia upepo unatoka taratibu na unaziba kwa kijiti bila kuvua tairi. Tyubu ikipasuka mkiwa wawili kwenye 70, tairi la nyuma linayumba kama mkia wa samaki. Lakini spoti rimu ikipata shimo kali inapasuka, na spoki zikipinda fundi yeyote wa Mangaka anazinyoosha chini ya mwembe. Kwa Dar nachukua spoti rimu. Kwa Songea spoki, pamoja na tyubu mbili mpya za nyuma, viraka, solusheni na pampu ya mkono. Upepo ujazwe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kiwango cha watu wawili kilichoandikwa kwenye kibandiko cha kava ya cheni au kitabuni. Mara nyingi nyuma ni psi nne au zaidi juu ya kile cha mtu mmoja.

Sanduku la nyuma au mabegi ya pembeni

Sanduku juu ya keria ni zuri: linafungwa kwa ufunguo, halilowi, na abiria anaegemea. Tatizo ni mahali lilipo. Kilo 15 zilizokaa nyuma ya ekseli zinainyanyua mbele, usukani unakuwa mwepesi mno, na lori la saruji likipita unaanza kucheza. Mabegi mawili ya pembeni, chini, yakikaribia miguu ya abiria, yanatuliza pikipiki yenye uzito ule ule. Upande wa kulia kuna ekzosi. Begi la nailoni likiigusa linayeyuka, kwa hiyo chomelesha kibati cha kulizuia.

Wa bajeti ndogo atumie mifuko miwili ya salfeti iliyoshonwa pamoja kwa turubai na kutupwa kupita chini ya siti. Inakaa vizuri kuliko masanduku mengi ya plastiki. Vitu vizito, zana na maji, viwe chini kabisa na mbele. Sanduku la keria ukilazimika kuwa nalo liwekee makoti ya mvua na mkate.

Tukubaliane pia: abiria ni mmoja. Mishikaki haina nafasi kwenye safari hii, na helmeti ni mbili, ya abiria iwe na kioo, si ile kofia ya plastiki inayoning'inizwa usukanini kwa ajili ya trafiki. Vijijini alama ya 50 iheshimu.

Oili, bleki na nati

Oili haraka haraka. Klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili ile ile ya injini, kwa hiyo oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano inaweza kuifanya iteleze, na klachi inayoteleza utaijua kwenye mpando wenye abiria. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi hizi, uzito wa 20W-50 kama kitabu kinavyosema. Injini hizi zina lita moja tu na ushei. Ikipungua robo lita umepoteza karibu robo ya kinachoipoza na kuilainisha, kwa hiyo pima kila unapojaza mafuta. Sheli, kijiti cha oili, ndipo soda.

Sevisi ifanyike wiki moja kabla, sio usiku wa kuamkia safari. Vali zisetiwe injini ikiwa baridi, bleki shuu zibadilishwe, kisha zungukazunguka mjini siku chache ili fundi akikosea ugundue ukiwa karibu naye. Bleki ya nyuma ina maana zaidi mkiwa wawili, maana uzito uko huko, lakini ile ya shuu (dramu) ikishikiliwa mteremko mzima inapata moto na kulegea. Kuteremka kutoka Newala, au ukivuka Songea kuelekea Mbinga, shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia.

Silinda moja inatetemesha kila kitu. Nati za ekzosi, keria, stepu za abiria na kibao cha namba zipewe spana zote kabla ya kuondoka na tena jioni ya kwanza. Kebo mpya ya klachi ipitishe sambamba na ya zamani, uifunge kwa tepu ya umeme. Ya zamani ikikatika unahamisha ncha mbili na kuondoka. Plagi moja, kiungo cha cheni, fyuzi, basi. Wanaobeba kabureta nzima wanabeba hofu yao.

Siku mbili, vituo tofauti

Pwani inagawanyika vizuri Nangurukuru, kama kilomita 270 kutoka Mtwara, na mwenye muda anashuka hadi Kilwa Masoko kulala karibu na bahari. Pumzikeni kila saa moja hivi. Abiria ndiye apime, kwa sababu dereva ana usukani wa kumshughulisha na mwenzake hana kitu. Somanga samaki wa kukaanga watawasimamisha tu, hata msipopanga.

Songea haina katikati nzuri. Mkitoka Mtwara alfajiri mnaweza kulala Tunduru, karibu kilomita 390. Mkichelewa laleni Masasi bila kubishana. Mkifika Tunduru paka cheni oili hapo hapo ikingali na moto, kabla hata ya kutafuta chumba, ili iingie ndani ya pini zake usiku kucha. Asubuhi jaza tenki hadi juu na kidumu cha lita tano, kwenye sheli, maana petroli ya kwenye chupa za maji huko mbele ipo lakini utalazimika kuichuja kwa kitambaa. Makoti yawe juu ya begi, si chini: Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na Juni au Julai mtu wa Mtwara anayatafuta kabla hajaiona Namtumbo.